Tableti 12, watoto 48: tulivyoweka programu ya kusomea Gredi ya 2 hapa Lamu

Mwalimu wa Langoni (mwanzisha uzi)

Hamjambo nyote. Mimi nafundisha Gredi ya 2 kisiwani Amu, yaani Lamu, darasa la watoto 48. Mwezi wa Januari wazazi na wafanyabiashara kadhaa wa mjini walichanga wakatununulia tableti 12, na mwalimu mkuu akanikabidhi mimi. Nilipotafuta mtu wa kunieleza kwa Kiswahili kazi hii inavyoanza, sikumpata. Najua kuna mwalimu mwenzangu Faza, Kizingitini au Mpeketoni ambaye sasa hivi ana boksi kama langu ndani ya kabati na hajalifungua. Uzi huu ni wake.

Naanza na lililonishinda siku ya kwanza.

Nilipakua programu moja ya bure ya herufi, nikaiweka kwenye tableti zote, nikagawa. Picha ya jua ikatokea, sauti ikauliza neno hili laanza na herufi gani, chini zikapangwa herufi nne. Mtoto wa kwanza akagusa Y. Programu ikalia ile sauti ya kosa. Wa pili akagusa Y. Wa tatu vilevile. Nikasimamisha darasa, nikaonyesha picha, nikawauliza hili ni nini. Wakajibu wote kwa pamoja: "Yua!"

Ndipo nilipokaa chini nikafikiri. Mtoto wa Amu, kwao jua ni yua, jana ni yana, moja ni moya, macho ni mato, kichwa ni kitwa, njia ni ndia. Yule mtoto alilisema neno moyoni mwake, akaitoa sauti ya kwanza, akaitafuta herufi yake, akaipata. Hatua zote za kusoma alizifuata sawasawa. Kisha mashine ikamwambia hajui. Mmoja wao, mtoto mwepesi kuliko wote darasani, aliiweka tableti jamvini akakataa kuigusa siku mbili.

La pili lilikuja wiki hiyo hiyo, kwenye mchezo wa kufuatisha herufi kwa kidole. Watoto wangu wengi wameanza chuoni, kwa kusoma Kurani, kabla ya kuja shuleni. Wameijua alif na be kabla ya a na b. Kwa hiyo kidole chao chaanzia kulia. Wengine hata kurasa za hadithi walikuwa wakizipitisha upande wa pili, wakaanza hadithi mwishoni. Programu haioni mkono ulikotoka. Yaona mstari umeenda kinyume, basi, kosa.

Nikazikusanya tableti zote nikazirudisha kabatini wiki mbili. Mwalimu mkuu aliniuliza mbona hazitumiki, nikamwambia ukweli, kuwa ni mimi ambaye sijawa tayari. Katika zile wiki mbili nilifanya mambo yaliyonisaidia kuliko mafunzo yoyote, nayo nitayaeleza kwenye ujumbe unaofuata. Kwa sasa nasema hili moja: mwalimu wa pwani, kabla hujachagua programu, ketini na watoto wenu mwaonyeshe picha 30 za vitu vya kila siku, mwandike wao wavitaja vipi. Ile orodha ndiyo itakayokuonyesha ni wapi programu itagombana na mtoto.

Mzazi wa Pate

Mwalimu, Mungu akubariki. Wangu yuko Gredi ya 1 na nilidhani hana akili ya herufi. Usiku huu nitamwonyesha picha ya jua. Endelea, twakusoma.

Mwalimu wa Langoni

Amina, dada yangu. Naendelea.

Jambo la kwanza lilikuwa kuamua intaneti au bila intaneti. Kwetu hapa intaneti ya bando ya simu yangu haiwezi kubeba tableti 12 kila siku, na siku za kusi bahari ikichafuka na upepo ukivuma, mtandao wenyewe hupotea. Kwa hiyo nilichukua Kolibri, programu ya bure ya shirika la Learning Equality, iliyotolewa mwaka 2017. Kolibri hukaa kwenye mashine moja tu, iwe kompyuta ya zamani au kile kikompyuta kidogo kiitwacho Raspberry Pi, na tableti nyingine huingia kwake kwa waifai ya darasani bila intaneti yoyote. Masomo hupakuliwa mara moja penye mtandao mzuri, hutiwa kwenye flashi, huletwa. Mimi nilivuka na kompyuta hadi Mokowe kwa jamaa yangu mwenye mtandao wa uhakika, nikashinda kutwa, nikarudi na mashua ya alasiri na masomo yote mkobani.

Maandishi yake ya kuongozea yapo kwa Kiswahili. Ndani yake niliingiza hadithi za African Storybook, vitabu vifupi vya picha ambavyo ruhusa yake ni huru, waweza kuvinakili na hata kuvibadilisha maneno. Hilo la kubadilisha maneno lishikeni, nitalirudia.

Kufungua darasa ndani ya Kolibri si kugumu. Kuna msimamizi, kuna mwalimu, kuna mwanafunzi. Waunda darasa, waingiza watoto, wawagawa makundi. Lililonipa kazi ni majina. Mtoto wa miaka saba hawezi kuandika jina refu kwenye kibodi ya kioo, na wangu nina Fatma wanne na Mohamed watano. Nikampa kila mmoja jina fupi la kuingilia, herufi tatu na tarakimu moja, nikaliandika kwenye kadi ya karatasi ngumu pamoja na picha aliyoichora mwenyewe: samaki, punda, mashua, nazi. Kadi ina uzi, huivaa shingoni. Nenosiri nililiondoa kabisa, kwani Kolibri yaruhusu mwanafunzi aingie bila hilo. Kadi hizo ndizo zilizokuwa zoezi la kwanza la kusoma na kuandika, na wiki nzima ya kwanza hatukufanya kitu kingine ila kuingia, kutoka, na kumpa mwenzako. Mtoto ambaye hajui kutoka humwachia mwenzake akaunti yake, na alama za wawili zachanganyika usijue ni nani ajuaye nini.

Watu huuliza tableti 12 zatoshaje watoto 48. Somo letu la Gredi ya 1 hadi ya 3 ni dakika 30. Nusu ya darasa hukaa na tableti, wawili wawili, na nusu nyingine hukaa nami jamvini na vitabu. Wawili hao mmoja hushika, mwenzake husema, kisha hubadilishana kengele ikilia. Kesho yake nusu hizo hubadilishana. Sitaki zaidi ya hapo. Ukitoa muda wa kugawa na kukusanya, dakika za kweli kwenye kioo ni 20, nazo zatosha kwa mtoto mdogo. Wakati huo wote mimi niko na watoto 24 badala ya 48, na hiyo ndiyo faida kubwa niliyoipata: mara ya kwanza katika miaka mingi nimeweza kumsikiliza kila mtoto akisoma kwa sauti ndani ya wiki moja.

Na kuna kuta. Darasa letu liko kwenye jengo la zamani, mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta mnene kuliko urefu wa mkono wangu toka kiwiko hadi vidole. Rauta niliiweka ofisini, chumba cha pili tu, na darasani haikufika hata kidogo. Nikadhani imeharibika. Nilipoihamishia darasani penyewe, juu ya kabati, zote 12 zilishika papo hapo.

Fundi wa Malindi

Salamu Mwalimu, na hongera. Mimi ni fundi wa simu na tableti hapa Malindi, shule kadhaa huniletea zao. Naomba niongeze upande wa umeme, kwani tableti nyingi zinazokufa huku pwani haziuawi na watoto. Huuawa na chumvi na chaji.

Hewa yetu ina chumvi na unyevu. Tundu la chaji likipata unyevu na kuna waya unaoleta stima, vile vipini vidogo hushika kutu ya kijani, na mwezi wa tatu tableti yakataa chaji. Basi mtoto asichomeke waya kwa mkono uliolowa. Siku ya mvua, au akitoka baharini au bombani, akauke kwanza. Hifadhini kwenye debe la plastiki lenye mfuniko unaobana, mtie ndani vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Mchele usitie, unga wake huingia tunduni. Lakini wakati wa kuchaji mfuniko uwe wazi na tableti zisirundikwe, zahitaji kupumua.

Hesabu ya stima ni hivi. Tableti ya kawaida yenye betri ya 5,000 mAh huchukua kama wati-saa 18.5. Zako 12 ni 222, na ukihesabu kinachopotea njiani weka 280. Zikichajiwa pamoja kwa chaja za wati 10, ni wati 120 tu. Soketi ya ukutani ya ampea 13 yaweza kubeba karibu wati 3,000, kwa hiyo uzito si tatizo hata kidogo. Tatizo ni ekstensheni. Ekstensheni ya bei rahisi, vile vibati vya ndani hulegea, chumvi huingia, joto hupanda, plastiki huyeyuka. Nimeletewa moja iliyoungua pamoja na kabati la mbao la darasa, alhamdulillahi usiku hapakuwa na mtu. Nunua nzuri moja, iguse kwa mkono baada ya nusu saa. Ikiwa ya moto, itoe. Na usichaji usiku darasa likiwa tupu.

Kama mnataka jua badala ya stima: paneli ya wati 100 kwa saa tano za jua kali hukupa wati-saa 500 za kwenye karatasi, na baada ya hasara tuseme 350. Zatosha tableti zako na rauta. Shule za vijiji vya ndani, kuanzia Magarini kuingia bara, hili ndilo ningewashauri.

Mbili za mwisho. Kaskazi ikipamba moto, kati ya Januari na Machi, msiziweke dirishani wala kwenye dari ya mabati. Betri huvimba, na tableti iliyovimba mgongo isichajiwe tena, ilete kwa fundi. Na mkifunga shule, ziacheni na chaji nusu, zisijae wala zisiishe.

Kile kikompyuta kidogo cha Raspberry Pi nacho kina ugonjwa wake: stima ikikatika ghafla, kadi ya kumbukumbu huweza kuharibika na masomo yote yakaenda. Kiungeni kwenye pawabanki inayoweza kuchajiwa huku ikitoa stima, na mwe na kadi ya pili iliyonakiliwa kila kitu, iwe nyumbani kwa mwalimu.

Mzazi wa Pate

Mwalimu, nimemwonyesha mtoto wangu zile picha. Mato, kitwa, yua, vyote kama ulivyosema. Nina swali lakini, na naliuliza kwa heshima. Shule aliko binamu yake wamekuwa wakiwapiga watoto picha wakiwa na tableti na kuzitia kwenye makundi ya simu. Sisi hatukuulizwa. Hizi programu nazo zachukua sauti na sura za watoto wetu? Zaenda wapi?

Mwalimu wa Langoni

Swali lako ni la haki, na mwalimu yeyote asiyeulizwa na wazazi na ajiulize mwenyewe.

Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kifungu chake cha 33 chasema taarifa za mtoto hazishughulikiwi bila idhini ya mzazi au mlezi, na kwa njia inayolinda maslahi ya mtoto. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kwa hiyo usione haya kuuliza, mamangu. Enda ofisini uulize.

Sisi tulifanya hivi. Kabla ya mtoto yeyote kugusa tena tableti niliita kikao cha wazazi, baada ya alasiri, watu wametoka sokoni. Nikazileta tableti zenyewe wakazishika, nikaonyesha mtoto aona nini. Nikawaeleza kuwa majina na alama hukaa ndani ya mashine yetu iliyo darasani, na kuwa jina la kuingilia si jina kamili la mtoto. Kamera nimezifunga kwenye zote. Barua ya idhini ina maswali matatu tofauti, si moja: akubali mtoto atumie programu? akubali sauti yake irekodiwe kwa kazi ya darasani? akubali picha yake itoke nje ya darasa? Wazazi kadhaa walikubali la kwanza na la pili wakakataa la tatu, na hiyo ni haki yao. Kama ningeandika swali moja tu, wangelazimika kukubali yote au kumnyima mtoto somo.

Pia kuna kufungia mtoto ndani ya programu moja. Tableti za Android zina kitu cha kubandika programu kwenye skrini, kiko kwenye mipangilio ya usalama. Ukishaibandika, mtoto hawezi kutoka kwenda kwingine mpaka uweke namba yako. Nilichelewa kukijua, na katika siku hizo mtoto mmoja alishafika kwenye video ambazo sikupenda azione.

Mstaafu wa Mkomani

Mwalimu, nimefundisha miaka 34 na nimekusoma tangu mwanzo bila kusema. Nina wasiwasi wangu nitautoa. Sisi tulisoma kwa ubao wa mbao chuoni na kwa kidole mchangani shuleni. Mkono uliochora herufi mara mia mchangani hauisahau. Kidole kinachoteleza juu ya kioo hakishiki kitu. Na huu mtaala mpya umesema mtoto ajifunze kwa kutenda, si kwa kutazama.

La pili ni hili la Kiamu. Wewe ni mwalimu wa Serikali. Mtihani hauulizi "yua". Ukimwachia mtoto aseme yua darasani hutakuwa umemdhulumu mbele ya safari?

Mwalimu wa Muheza

Shikamoo mzee wangu. Niruhusu niseme neno kutoka Tanga, maana jambo hili lilijaribiwa huku kwetu.

Kulikuwa na shindano la Global Learning XPRIZE. Watoto karibu 2,700 katika vijiji kama 170 vya mkoa wa Tanga walipewa tableti zenye programu za kujifunzia kusoma, kuandika na hesabu kwa Kiswahili, wakakaa nazo miezi 15. Wengi hawakuwahi kuingia darasani. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili, na mwishoni idadi hiyo ilishuka kwa nusu. Mei 2019 zawadi ya dola milioni 10 wakagawana wawili, Kitkit School na onebillion. Programu za washindani wote watano wa fainali ziliachwa huru kwa yeyote kuzichukua na kuzitengeneza upya.

Mzee, naitaja si kwa kukupinga. Wale watoto hawakuwa na mwalimu kabisa, na nusu yao tableti haikuwafikisha. Nusu ile yahitaji mtu. Hapo nakubaliana nawe. Lakini mwalimu mwenye watoto 48 akipata kitu cha kumshikia 24 kwa dakika 20, mimi sioni kosa. Na la mchanga ni kweli tupu: mimi watoto wangu huandika herufi kwenye sinia la mchanga kwanza, ndipo waifuatishe kwenye kioo.

Mwalimu wa Malindi, shule ya binafsi

Kwetu tunatumia Seesaw, kwa kuwa intaneti ipo. Nitaeleza kwa ufupi kwa anayeifikiria. Ni kama daftari la mtoto: achora, apiga picha ya kazi yake, arekodi sauti akisoma, kisha kazi hukujia wewe kwanza uikubali. Mzazi huona ya mtoto wake tu. Kwa watoto wadogo wanaotumia tableti za pamoja, wachapisha msimbo wa QR wa darasa, waubandika ukutani, mtoto auelekezea kamera kisha agusa jina lake. Hapo pa kugusa jina ndipo pa hatari. Akigusa la jirani, kazi yake yaingia daftari la jirani. Mimi nilitia picha ya alama mbele ya kila jina, kama kadi za Mwalimu wa Langoni.

Watoto wangu wengi ni Wagiriama. Kwao ugomvi na programu ni mwingine kabisa kuliko yua na jua, kwa sababu Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili. Kinachowafaa ni sauti. Kazi yoyote niwekayo naisoma kwa sauti yangu na kuirekodi juu yake, mara mbili, polepole. Maagizo ya maandishi peke yake kwa mtoto wa miaka sita ni bure, kwani angeweza kuyasoma asingekuwa darasa hilo.

Mwalimu wa Langoni

Shikamoo Mwalimu wangu wa Mkomani. Nimefurahi umesema. La mchanga nimelichukua. Tangu juzi nina masinia manne ya mchanga wa Shela darasani, na herufi haiendi kwenye kioo mpaka imechorwa pale, kuanzia kushoto. Na wale wanaoanzia kulia nimewawekea alama: mshale wa kijani upande wa kushoto wa tableti, umeandikwa "shule", na kwenye ukuta wa kulia nimechora mshale mwingine umeandikwa "chuo". Mtoto aliniambia, "Mwalimu, mkono wangu wajua njia mbili." Maalim wao nilimweleza, akapenda, akasema naye atawaambia hivyo hivyo upande wake.

La Kiamu nakujibu kwa nilichokiona. Mwanzo nilifanya kama usemavyo. Niliwaambia yua si sahihi, semeni jua, yana si sahihi, semeni jana. Wakashika kanuni haraka sana, haraka kupita kiasi. Wiki iliyofuata niliwapa imla, nikakuta "jai" kwa yai na "jeje" kwa yeye. Walichojifunza ni kuwa Y ni kosa popote ionekanapo. Niliwavuruga mimi, si programu.

Ndipo nilipoirudia ile ruhusa ya kubadilisha maneno. Kolibri ina sehemu yake ya mtandaoni iitwayo Studio, ambapo mwalimu apandisha sauti, video au kurasa zake mwenyewe akaunda mkusanyo wake, kisha aushusha kwenye mashine ya darasani kama masomo mengine. Nikaenda kwa mama mmoja hapa Langoni, bibi wa mwanafunzi wangu, nikamwomba aniambie vitu 30 kwa sauti yake, nikarekodi kwa simu barazani kwake baada ya Ishaa, punda wamenyamaza. Kila picha ina sauti mbili. Kwanza ya bibi: "Nyumbani twasema yua." Kisha yangu: "Kitabuni imeandikwa jua. Jjj, jua." Ndipo swali la herufi lije. Maneno yasiyobadilika kama yai, yeye na yangu nimeyatia katikati kwa makusudi, bibi na mimi twasema neno moja.

Mzee wangu, wasiwasi wako wa mtihani niliupima kwa imla ileile, maneno yaleyale, baada ya wiki tatu. "Jai" ilikuwa imebaki kwa watoto wawili, nao ni wale waliokuwa wagonjwa. Na yule mtoto aliyekataa tableti siku ya kwanza sasa ndiye awafundishaye wengine. Huwaambia "hili ni la nyumbani, hili ni la kitabuni", na hakuna hata moja aliitalo kosa.

Mwalimu wa Malindi, sauti mara mbili polepole, nimeinakili kutoka kwako leo hii. Rekodi zangu zilikuwa za haraka. Fundi, pawabanki imenunuliwa, kadi ya pili iko kabatini kwangu, na ekstensheni ya zamani nimeitupa baada ya kuigusa.

Kabla ya muhula wa pili nataka kuongeza maneno ya Kitikuu, lahaja ya Wabajuni, kwa watoto waliohamia kutoka visiwa vya juu, nami sina mtu wa kunirekodia. Aliye Faza, Kizingitini au Kiwayuu, mwenye mama au bibi aliye tayari kukaa na simu nusu saa, aniandikie hapa. Naanza na haya: jiwe, jino, jana, macho, njia, kichwa, moja. Sisi Amu twasema iwe, ino, yana, mato, ndia, kitwa, moya. Nanyi mwasemaje?